Dua ya Ushindi

Katika dua zote ambazo wanadamu huinua mikono kuziomba, iko moja ambayo wanazuoni huitazama kwa jicho la shaka na wenye hekima huicheka kichinichini, nayo ni dua ya mtu aombaye timu yake ishinde mchezo. Mgonjwa akiomba shifaa, mkulima akiomba mvua, na baharia akiomba pepo njema, hakuna awaonaye kuwa wamekiuka adabu, maana shifaa ya mmoja haimwongezei mwingine maradhi, na mvua inyeshayo katika shamba la huyu aghalabu hulinywesha na la jirani yake. Ushindi hauko hivyo. Ushindi ni mali isiyogawika: apewapo huyu, yule amenyimwa, na mwenye kuuomba anaomba, apende asipende, kwamba mwenzake aliyepiga goti upande wa pili wa uwanja arudi kwao na huzuni. Kwa hiyo swali hili, ijapokuwa kwa sura yake ladhaniwa kuwa la mzaha, lastahili kuulizwa kwa makini: je, yafaa kumwomba Mwenyezi Mungu ushindi wa mchezo, na aombaye anatarajia kupewa nini?

Sijui mahali ambapo swali hili hujitokeza waziwazi zaidi kuliko katika mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, yaanzayo kila mwaka mwezi wa Machi baada ya msimu mrefu wa ligi. Yalianza mwaka 1939 kwa timu 8. Tangu mwaka 2011 huingia timu 68 za wanaume, na kanuni yake haina huruma, kwani ashindwaye mara moja ametoka. Hesabu yake ni nyepesi, lakini ina uzito kwa mwenye kufikiri. Ili apatikane bingwa mmoja katika timu 68 sharti ichezwe michezo 67, na kila mchezo humtoa mmoja, hata mwisho wa yote wawepo 67 walioondoka kwa kushindwa na 1 aliyeondoka kwa kushinda. Basi lau kila timu ingeomba, na lau kusudi la dua lingekuwa ni kupewa ushindi tu wala si jingine, mashindano hayo yangekuwa ushahidi wa kila mwaka kwamba dua 67 katika 68 hurudishwa mlangoni, na mwenye kuikana dini asingehitaji hoja ya pili.

Mwaka 2018 timu iliyowashangaza watu katika mashindano hayo ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago, chuo cha Wajesuiti kilichoasisiwa mwaka 1870, ambacho hakikuwa kimeonekana humo tangu mwaka 1985. Chini ya kocha wao Porter Moser, vijana hao walimaliza ligi ya Missouri Valley kwa kushinda michezo 15 na kushindwa 3, wakatwaa na kombe la ligi hiyo mjini St. Louis, walakini walipopangwa katika kanda yao, ambamo timu huwekwa daraja kuanzia ya 1 hadi ya 16, wao walipewa daraja la 11, ambalo ni daraja la wageni wasiotarajiwa kukaa sana. Kando ya uwanja, katika kiti cha magurudumu kwa kuwa miezi michache kabla yake alikuwa amevunjika nyonga, aliketi mtawa wa miaka 98 aliyejitanda shali ya rangi za chuo. Huyo ndiye Sista Jean Dolores Schmidt, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1919, akaingia utawani mwaka 1937, akafundisha kwa miaka mingi, na tangu mwaka 1994 akawa mlezi wa kiroho wa timu hiyo. Kazi yake ilikuwa kuwaombea wachezaji na kuomba pamoja nao kabla ya kuingia uwanjani.

Tarehe 15 Machi, mjini Dallas, Loyola ilikutana na Miami, na zikiwa zimebaki sehemu za sekunde, Donte Ingram wa Loyola akautupa mpira kutoka mbali ukaingia, matokeo yakawa 64 kwa 62. Siku mbili baadaye ikakutana na Tennessee. Clayton Custer akarusha mpira katika sekunde za mwisho, ukagonga ukingo wa pete, ukaruka juu, kisha ukatumbukia ndani, matokeo yakawa 63 kwa 62. Tarehe 22, mjini Atlanta, zamu ikawa ya Nevada. Zimebaki sekunde 6, Marques Townes akapata pointi tatu kwa mtupo mmoja, na mchezo ukaisha 69 kwa 68. Michezo mitatu, miji miwili, na tofauti ya yote ukiijumlisha ni pointi nne. Kisha wakaishinda Kansas State 78 kwa 62, wakaingia nusu fainali ya taifa, ambako hakuna mjuzi aliyekuwa amewaona katika ndoto zake.

Mtu mwepesi wa kuamini akisikia habari hii husema kwamba burhani imepatikana: mikono ya bibi kizee iliinuliwa, na mpira uliokuwa umesita juu ya pete ukaamriwa uingie. Lakini hoja hii haivuki hata siku mbili za mashindano yenyewe. Katika kanda hiyohiyo timu ya daraja la 1 ilikuwa Virginia, ambayo kocha wake wa wakati huo, Tony Bennett, ni Mkristo asiyeificha imani yake kwa mtu; nayo, tarehe 16 Machi mjini Charlotte, ilipigwa 74 kwa 54 na timu ya daraja la 16, Chuo Kikuu cha Maryland cha Kaunti ya Baltimore, aibu ambayo haikuwa imempata yeyote wa daraja la kwanza katika historia ya mashindano ya wanaume. Ikiwa pete ya Dallas iliitikia dua, ile ya Charlotte ilikuwa na uziwi gani? Na mwaka uliofuata, Virginia hiyohiyo ilipotwaa ubingwa wa nchi nzima, je, tuseme kwamba Mola alikuwa ameikasirikia kwa miezi kumi na miwili kisha akairidhia? Anayeyasoma matokeo ya michezo kana kwamba ni fatwa iliyoteremshwa atalazimika kuitangua fatwa yake kila baada ya siku mbili, na hatimaye atamsingizia Mungu ugeugeu ambao angeona haya kumsingizia jirani yake.

Wako wengine ambao, kwa kuyakimbia makosa hayo, huangukia ng'ambo ya pili. Hawa husema kwamba yote yamekwisha andikwa, mshindi anajulikana kabla mwamuzi hajaurusha mpira juu, na kwa hiyo kuomba ni kupoteza pumzi. Kauli hii ina sura ya unyenyekevu, na sisi watu wa pwani, tuliolelewa tukisikia habari za majaliwa tangu utotoni, twaweza kuidhania kuwa ndiyo mafundisho ya wazee; lakini wanazuoni walioheshimiwa zaidi katika misikiti yetu hawakuikubali. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya, alifundisha kwamba dua yenyewe ni mojawapo ya sababu alizoziweka Mungu, kama ngao ilivyo sababu ya kuuzuia mshale na maji yalivyo sababu ya mimea kuota. Na kama vile kuiamini kadari hakumzuii mpiganaji kushika silaha, vivyo hivyo hakumzuii mja kuomba. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274 katika dini nyingine na nchi nyingine, alifikia karibu hapohapo aliposema kwamba hatuombi ili tulibadili shauri la Mungu, bali ili tuyapate yale ambayo Mungu ameshauri yapatikane kwa kuombwa. Kwa wote wawili dua si mshindani wa jitihada wala haiishi mahali palipoachwa na jitihada. Dua na jitihada ni sababu mbili zikaazo nyumba moja.

Sista Jean aliijua elimu hii kwa vitendo. Hakuwa mtu wa kufumba macho na kungoja muujiza: aliwachunguza wapinzani, akasoma takwimu zao, na baada ya michezo aliwaandikia wachezaji barua pepe kuwaeleza walipofanya vema na walipolegea. Mwaka 2021, akiwa na miaka 101, kabla timu yake haijakabiliana na Illinois ya daraja la 1, aliomba dua ambayo ndani yake alitaja viwango vya wapinzani vya kulenga kikapu, kwa karibu na kwa mbali, akaomba vijana wake wapate pointi mapema ili upande wa pili uingiwe na wasiwasi. Loyola ikashinda 71 kwa 58. Wengi waliicheka dua ile iliyokuwa na hesabu ndani yake, lakini mimi naiona kuwa ni dua ya mtu aliyekomaa, kwa sababu alimwomba Mungu jambo ambalo yeye na wenzake walikuwa wamekwisha litafutia njia.

Liko na jambo la ajabu zaidi. Mwaka ule wa 2018, kama ilivyo desturi ya Wamarekani wengi, Sista Jean aliijaza karatasi ya kubashiri matokeo ya mashindano yote, na katika karatasi hiyo aliwaandika vijana wake kuwa wataishia katika timu 16 za mwisho. Ulimi ulioomba washinde na mkono ulioandika kwamba watashindwa vilikuwa vya mtu mmoja. Mwenye haraka atasema huo ni upungufu wa imani. Mwenye insafu ataona kwamba kutaraji ni tendo la moyo na kubashiri ni tendo la akili, na kwamba muumini hakuamrishwa kuilazimisha akili yake iseme uongo ili moyo wake uonekane safi. Mgonjwa ajuaye uzito wa maradhi yake aweza kuomba shifaa usiku kucha, na alfajiri akaandika wasia.

Hapa ndipo tunapofika penye ugumu hasa, na ugumu huo umo katika jina la chuo chenyewe. Inyasi wa Loyola, ambaye Wajesuiti ni wafuasi wake, alikuwa askari mpenda sifa. Mwaka 1521, akiitetea ngome ya Pamplona dhidi ya Wafaransa, alipigwa na tufe la mzinga likamvunja mguu, na ngome ikatekwa. Alipolala kitandani akijiuguza alisoma habari za Kristo na za watakatifu, na humo ndimo zilimoanzia toba yake na shirika lake. Kwa hiyo wenye jina la Loyola ni watoto wa kushindwa. Katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, kilichochapishwa mwaka 1548, alifundisha tangu mwanzo kwamba mtu, kwa upande wake mwenyewe, asipendelee afya kuliko maradhi, utajiri kuliko umaskini, heshima kuliko kudharauliwa, wala umri mrefu kuliko mfupi, bali atake tu lile limfikishalo zaidi kwenye kusudi aliloumbiwa. Mtu akiyasikia mafundisho hayo, kisha akamwona mtawa wa chuo hicho akiomba ubao wa matokeo uonyeshe ushindi, ana haki ya kuuliza: huyu amemsahau mwenye nyumba?

Nasema hakumsahau, kwa sababu kutopendelea si kutotaka. Moyo usiotaka kitu hauna cha kusalimisha. Na mtu asiyewahi kuitamani heshima hawezi kusifiwa kwa kuiacha, kama vile asiyekuwa na mali hasifiwi kwa ukarimu. Kijana wa miaka ishirini aliyekimbia alfajiri na jioni tangu utoto wake, kisha akasimama mbele ya Mola wake na kusema kwamba kushinda na kushindwa kwake ni mamoja, amesema uongo, na uongo wa kwanza ausemao katika dua ameusema kwa Yule asiyeweza kudanganywa. Sharti kwanza aieleze tamaa yake kama ilivyo, ndipo aiweke mikononi mwa mwingine. Mtakatifu Augustino, katika barua aliyomwandikia mjane aitwaye Proba, alijibu swali la kwa nini tuombe ilhali Mungu azijua haja zetu kabla hatujafumbua kinywa, akasema kwamba twaomba ili tamaa yetu ipate mazoezi, na moyo upanuke uweze kupokea kile ambacho Mungu anakiandaa kutupa. Sista Jean naye alieleza mara nyingi, kwa maneno ya mtu wa uwanjani, kwamba mwishoni mwa dua humwomba Mungu ushindi, na kwamba Mungu husikia daima, ila pengine huona kushindwa kunawafaa zaidi, na hapo hawana budi kukubali. Sidhani Inyasi angekuwa na la kuongeza.

Lakini si kila tamaa ya kushinda inayofaa kupelekwa mbele ya Mungu, na lazima kiwepo kipimo. Sisi tunaopenda kandanda tunayajua mambo yafanywayo usiku wa kuamkia mchezo mkubwa na wale ambao kwa mzaha huitwa kamati ya ufundi: vitu huzikwa golini, mayai hupasuliwa, na maombi yake ni kwamba mguu wa mshambuliaji mgeni uwe mzito na macho ya kipa yaone mipira miwili. Mwenye ndumba na mwenye dua wote wawili wataka kushinda. Tofauti yao haiko katika kutaka. Iko katika kwamba mwenye ndumba hawezi kuyasema maombi yake mbele ya anayeombewa mabaya, ndiyo maana huyafanya gizani. Mtawa yule aliomba hadharani, akawaombea na wachezaji wa upande wa pili wasiumie, akawaombea waamuzi wachezeshe kwa haki. Basi kipimo changu ni hiki: dua ya ushindi iliyo halali ni ile ambayo mwombaji aweza kuisoma uso kwa uso mbele ya mshindani wake, na mshindani akaitikia Amina kwa yote isipokuwa neno la mwisho.

Chuo hichohicho cha Loyola kiliwahi kushuhudia kipimo hiki katika hali nzito zaidi. Mwaka 1963 wachezaji wanne kati ya watano wake wa kuanza walikuwa Weusi. Katika jimbo la Mississippi palikuwa na sheria isiyoandikwa iliyovizuia vyuo vya Wazungu kucheza na timu yenye mchezaji Mweusi, na kwa ajili yake Mississippi State, waliokuwa mabingwa wa ligi yao mwaka 1959, 1961 na 1962, hawakwenda kwenye mashindano hata mara moja. Mwaka huo wa 1963 walitwaa tena ubingwa. Gavana Ross Barnett akapinga safari yao, ikatolewa na amri ya mahakama ya kuwazuia. Kocha Babe McCarthy akatoka jimboni mapema ili asikabidhiwe amri hiyo, na timu ikaondoka kwa ndege kwa hila na haraka. Tarehe 15 Machi, mjini East Lansing, manahodha wawili, Jerry Harkness wa Loyola na Joe Dan Gold wa Mississippi State, walipeana mikono katikati ya uwanja mbele ya kamera zisizohesabika. Loyola ikashinda 61 kwa 51, na siku nane baadaye, mjini Louisville, ikawa bingwa wa taifa kwa kuishinda Cincinnati 60 kwa 58 baada ya dakika za nyongeza.

Vijana wa Mississippi State walitoroka kwao ili wapate haki ya kushindwa hadharani. Sijui waliomba nini usiku wa safari ile, lakini ikiwa waliomba ushindi walinyimwa, na ikiwa waliomba wasimame kama wanaume mbele ya wanaume wenzao walipewa. Na leo kushindwa kwao ni fahari ambayo chuo chao huikumbuka kuliko ushindi wake mwingi. Yule apokeaye dua yetu huenda akaijibu sehemu ambayo hatukuitamka, na hatuwezi kulijua hilo kwa kuutazama ubao wa matokeo.

Sisemi hivi ili kuwapoza walioshindwa kwa asali ya maneno. Tarehe 31 Machi 2018, mjini San Antonio, Loyola iliongoza Michigan 29 kwa 22 hadi wakati wa mapumziko. Kisha Moritz Wagner wa Michigan akafikisha pointi 24, na mchezo ukaisha 69 kwa 57. Msimu wa ushindi 32 ulifungwa kwa kushindwa, na kushindwa ni kushindwa. Sista Jean alifariki tarehe 9 Oktoba 2025, akiwa na miaka 106, na katika miongo mitatu ya ulezi wake hakuiona timu yake ikitwaa ubingwa wa taifa. Lau dua yake ingekuwa mkataba wa biashara, tungesema upande mmoja haukulipa. Lakini mfanyabiashara asiyelipwa hufunga duka, naye hakulifunga.

Tena nadhani hatari ya dua hii haiko kwa wale wanaonyimwa. Aliyeomba akashindwa amefunzwa, kwa nguvu, kwamba Mungu si mtumishi wake. Bingwa ndiye asiye na wa kumfunza hilo. Yeye huondoka na kombe mkononi na dhana moyoni kwamba alipendelewa kwa kuwa bora, na dhana hiyo ikikomaa huwa takaburi inayovaa kanzu ya shukrani. Ikiwa yuko mtu katika mashindano yale anayehitaji kuombewa zaidi baada ya filimbi ya mwisho, ni yeye.

Kuna watakaosema kwamba, pamoja na hayo yote, mchezo ni jambo dogo mno kupelekwa mbele ya Muumba wa mbingu na ardhi. Ningewajibu kwamba mbele ya Muumba wa mbingu na ardhi hakuna jambo letu lililo kubwa, na kama ukubwa ndio ungekuwa sharti la kuomba, hakuna binadamu ambaye angethubutu. Mwenye kuyaficha mbele ya Mungu matamanio yake madogo kwa sababu ni madogo atazoea kuficha, na siku ya jambo kubwa atakuta hana lugha ya kusemea. Basi na aombe ushindi autakaye, maadamu amefanya mazoezi yake, maadamu haoni haya kuisoma dua yake mbele ya mshindani, na maadamu, akinyimwa, ataweza kesho yake kumwomba tena Yule aliyemnyima.